Nyota Zilizomezwa na Mwongozo Wangu

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Baha, dereva wetu mpya, alinipigia kutoka lango la Ngorongoro akiwa na watalii wanne. Namba ya kulipia kiingilio kwa simu, niliyoandika kwenye mwongozo wetu wa mtandaoni, ilikuwa inagoma.

“Bonyeza kama nilivyoandika.”

“Ndivyo ninavyobonyeza, mzee.”

Nikadhani laini yake ndiyo mbovu, nikamrudisha Karatu akaibadilishe.

Kanuni za mwongozo nilizitunga mimi: kila namba ya kubonyeza yenye nyota iwekwe kati ya vialama viwili vya kuilinda, la sivyo ukurasa huzichukulia nyota zake kuwa agizo la kulaza maandishi, na kuzificha. Hiyo ya malipo niliiacha bila vialama kwa kuiona ya kawaida.

Jioni ofisini, Baha akaweka simu yenye ukurasa ule mbele ya bosi wetu.

“Mzee wa kanuni,” bosi akaniuliza, “nyota ziko wapi?”

Mafuta ya safari ile ya bure ya Karatu nililipa mimi, shilingi elfu arobaini na nane.