Kuku Ambao Sikuwapandisha Kighare

Kwetu Upareni, mdondo ukiingia kijijini hungoji kuku wako wafe. Unawatia kwenye tenga na kuwapeleka kwa ndugu, mbali na ugonjwa. Mama alifanya hivyo, na marehemu mke wangu pia. Kwa hiyo bata mwitu walipoanza kuonekana wamekufa ukingoni mwa bwawa, hapa Nyumba ya Mungu ninapoishi, nilitoa tenga stoo bila kumuuliza mtu.

Kuku wenyewe walikuwa wa mke wangu. Mimi kuku nilimjua mezani tu, lakini tangu afariki niliwalea kwa ukaidi, kama vile angerudi kuwakagua.

Dada yangu mkubwa, anayeishi Kighare milimani, alinihimiza kwenye simu. "Walete huku juu. Banda langu lina nafasi, na wewe ukae nami hata mwezi."

Huo mwezi niliutamani kuliko nafasi ya banda.

Ofisa mifugo wa kata, binti wa rika la watoto wangu, alinikuta nafunga tenga.

"Shikamoo mzee. Kuku hawa wanakunywa wapi?"

"Marahaba. Bwawani. Wapi tena?"

Akanieleza kwamba huenda huu si mdondo, bali mafua ya ndege. Bata mwitu anaweza kuyabeba akiwa mzima kabisa, akaacha kinyesi majini, kuku wakaja kunywa hapohapo. Kuku naye kwa muda anaonekana hana neno, kumbe anayo tayari. Hata tenga linayasafirisha, hata matope ya viatu vyangu.

"Ukiwapandisha, mzee, unampelekea dada ugonjwa. Na wewe mwenyewe usiende kwenye banda lake kwa sasa."

Nilimkasirikia yule binti kana kwamba yeye ndiye aliyeuleta. Nilinuna, nikazunguka nyumba, kisha nikafungua tenga.

Haukupita muda wakaanza kufa, vichwa vimevimba. Nilivaa glovu alizoniachia yule binti, nikachimba shimo refu kama alivyoagiza, nikawafukia wote. Niliwalilia, sina haja ya kuficha.

Kesho yake jioni dada akapiga simu.

"Shikamoo dada," nikasema, na sauti ikatoka imekwaruza.

"Marahaba. Unaumwa?"

"Hapana, dada. Ndiyo kwanza naongea tangu asubuhi. Siku zote nilikuwa naongea na kuku."