Karatasi za Kura Nilizozitia Namba

Sikufika chuo kikuu. Historia ya Marekani niliisoma peke yangu, katika vitabu ambavyo mwalimu mmoja mstaafu wa Kaaga alitaka kuvitupa. Nilivutiwa na matajiri wa mafuta, chuma na reli. Tajiri wa mafuta alipatana kisiri na wenye reli wambebee mzigo kwa bei nafuu, washindani wake wakafunga biashara mmoja mmoja. Siku ya uchaguzi, kila chama kilijichapishia karatasi zake za kura, mara nyingi za rangi yake, hivyo bosi wa kiwanda aliweza kuona mfanyakazi wake anatumbukiza ipi. Watu walipigania mageuzi hadi serikali ikachapisha karatasi moja kwa wote, ya kujazwa faraghani.

Hapo nilirudia kusoma mara tano. Kikundi chetu cha viazi hapa Kiirua kilikuwa kikichagua mwenyekiti kwa kupanga foleni nyuma ya mgombea, na mwenyekiti ndiye mwenye lori la pekee linalofika mashambani mwetu wakati wa matope. Mwaka jana mama yangu aliniambia kwamba yeye hamtaki mwenyekiti huyo, kisha akaenda kusimama nyuma yake. Viazi vyetu vilikuwa bado shambani.

Mwaka huu niliinua mkono mkutanoni, nikawasimulia yote, nikaomba tupige kura ya siri kwa karatasi.

"Kwa hivyo mimi ndiye yule tajiri wa mafuta?" mwenye lori akauliza.

"Wewe mafuta unanunua kama sisi, mzee," akajibu mama mmoja mjane, mpinzani wake. Watu wakacheka.

Naye akacheka. Alikuwa na hakika ya kushinda. "Sawa, profesa. Lete karatasi zako."

Nikiri: mimi ni mtu wa kurudia kazi hadi iharibike. Nilikata karatasi kwa rula, nikatupa kila iliyopinda. Kisha nikaingiwa na hofu kwamba mtu atapiga kura mara mbili, nikatia kila karatasi namba kwenye pembe. Katika daftari nikapanga namba na majina ya wanachama. Nilijiona hodari kweli.

Siku ya kura, bibi mmoja mzee, shosho wa kijiji, aliyekuwa wa kwanza aliigeuza karatasi yake. "Hii namba moja ni ya nini?"

"Ni ili nisikosee, shosho."

"Na kwenye daftari umeandika nini?"

"Namba moja, na jina lako."

Akanitazama kwa huruma. "Sasa si ningesimama tu nyuma yake, niokoe hiyo karatasi ya kuwashia moto?"

Uwanja mzima uliangua kicheko, mwenye lori kuliko wote. "Profesa, umenirahisishia kazi!"

Masikio yaliniwaka. Nilitamani kukimbia. Lakini mama alikuwa amekwisha kutoka kwenye mstari, anajivuta polepole kuelekea upande wa mwenye lori, na wengine wakimfuata. Ningeondoka, foleni ingerudi. Basi nikazichana pembe zote kwa mikono, karatasi zangu nzuri zikabaki na meno meno kama zimetafunwa na mbuzi. Ukurasa wa majina nikampa shosho akauwashie moto. Aliyekwisha kupiga kura tukamtia wino kidoleni.

Wakaingia stoo mmoja mmoja, nyuma ya magunia tuliyotundika. Mama alikaa humo muda mrefu kidogo. Tulipohesabu mbele ya wote, mjane alikuwa ameshinda kwa kura chache.

Niliogopa lori halitakuja. Siku mbili baadaye likaja, kwa sababu bila viazi vyetu lingekwenda mjini tupu; jambo hilo mimi na vitabu vyangu vyote hatukulifikiria. Mwenye lori akashuka, akasimama karibu na mama aliyekuwa akishona mdomo wa gunia.

"Mama, lakini wewe ulinipigia, sivyo?"

Mama hakuinua kichwa. "Pakia, mzee. Mvua inakuja."

Akainama, akaanza kupakia.