Mgongo wa Baba

Nikiikumbuka nyumba yetu ya Buyenzi, kinachotangulia ni harufu: majani ya mkaratusi yakichemka uani ndani ya sufuria iliyofunikwa, na juu yake harufu ya oili chafu iliyotufikia kutoka kwenye magereji ya mtaa mzima. Kwetu maumivu madogo hayakupelekwa famasi. Mwenye mafua alijifunika blanketi juu ya mvuke wa karatusi mpaka jasho limchuruzike kidevuni. Koo lilisukutuliwa kwa maji ya chumvi. Mama alipoumwa tumbo la mwezi, alilala kwa ubavu akiwa amekumbatia chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwenye kanga. Aliyeumwa kichwa alifungiwa dirisha na kuwekewa kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso, na mimi, mtoto pekee wa nyumba hiyo, niliambiwa nikacheze mbali.

Mwaka niliotimiza miaka kumi, mvua zilipoanza, baba aliletwa nyumbani na mafundi wenzake wawili waliomshika kwapani. Alikuwa fundi wa magari. Siku hiyo alikuwa amenyanyua giaboksi peke yake, akasikia kitu kimevutika kiunoni, na hakuweza kunyooka tena. Zahanati walimpima wakasema mfupa ni mzima, ni misuli tu, wakampa vidonge. Vidonge vikamchoma tumbo, akatapika siku mbili, akasema hatavigusa tena. Basi akalala kifudifudi kwenye mkeka sebuleni, kwa sababu godoro lilimzidishia maumivu. Mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni, upande wa bandari, akitoka alfajiri na kurudi jioni. Aliyebaki na baba mchana, baada ya shule, nilikuwa mimi.

Aliyenifundisha kumkanda ni Mama Espe, mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, mwanamke wa Uvira aliyekuwa akivuka mpaka kila wiki na vitenge vyake. Alichuchumaa sebuleni karibu na jiko la makaa, akanishika kifundo cha mkono na kunitumbukiza vidole kwenye beseni.

"Maji isichemke sana," alisema. "Kama mukono yako inavumilia, mugongo yake nayo itavumilia. Kamua kitambaa, weka, subiri kipoe, rudia. Kisha mafuta ya mawese, unasukuma polepole kutoka hapa mpaka hapa. Mufupa wa katikati usiguse."

"Na kama anaumia, nitajuaje?"

"Yeye hatasema. Angalia vidole vya miguu. Vikijikunja, umekanda vibaya. Na siku akikwambia miguu imekufa ganzi, acha yote, niite, tumupeleke hospitali."

Baba alikuwa amelala pale pale, akisikia yote, uso wake umegeukia ukutani.

Ndivyo nilivyofanya kila alasiri. Nilivua sare ya shule, nikawasha makaa, nikapasha maji, nikaketi ubavuni mwa mtu ambaye kabla ya hapo nilikuwa nimemgusa kwa kumpa mkono wa salamu tu. Mgongo wake ulikuwa mpana, na chini ya bega la kushoto ulikuwa na kovu ambalo sikuwahi kuliona. Hatukuzungumza. Nilitazama miguu yake. Siku za mwanzo vidole vilijikunja kila nilipokaribia kiuno, nami nikapunguza nguvu. Baada ya wiki moja havikujikunja tena. Mikono yangu nayo ilizoea joto, ikawa haisikii kitu. Nilitumbukiza vidole kwenye maji ambayo mama asingethubutu kuyagusa, nikakamua kitambaa bila kukunja uso. Watu hudhani nilimwonea huruma. Sikumbuki huruma. Nakumbuka beseni, mafuta mekundu yaliyoingia kwenye kucha, na mvua juu ya mabati.

Siku moja alisema, "Hapo. Hapo hapo, Asha." Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu aletwe.

Kisha Mama Espe alimwamuru ainuke. "Baba Asha, mugongo inataka kutembea," alimwambia kutoka mlangoni. "Apana kulala mpaka ioze." Tukaanza. Siku ya kwanza alifika kwenye bomba la uani, mkono wake ukiwa begani mwangu. Siku iliyofuata tulifika barabarani. Tukaongeza: mpaka msikitini, mpaka duka la vipuri la pembeni, halafu tukavuka kwenda mtaa jirani wa Bwiza na kurudi, yeye akipumua kwa nguvu, mimi nikihesabu hatua kwa sauti kwa sababu ndivyo alivyotaka. Jioni mama akiuliza, nilimpa idadi, naye akaitikia kwa kichwa na kuendelea kuchambua mchele.

Mvua zilipokaribia kuisha, baba alivaa viatu kabla sijavua sare.

"Leo nitaenda mwenyewe," alisema.

Alitembea wima. Nilisimama langoni nikimtazama mpaka akakata kona, na nakumbuka niliridhika kama fundi anavyoridhika na kazi yake. Mama aliporudi ndipo alipoona kwamba sanduku la spana halipo, na nguo nzuri za baba hazipo; lazima vilitolewa asubuhi, nikiwa shuleni. Baada ya miezi kadhaa dereva mmoja wa malori alituambia baba yuko Kigoma, ana gereji, ana mke. Sababu ya kuondoka sijaambiwa hadi leo.

Kesho yake baada ya baba kuondoka, nilipasha maji. Na keshokutwa yake. Siku ya tatu mama alikuwa nyumbani, akanikuta nimeketi na beseni mbele ya mkeka mtupu. Alilibeba beseni akaenda kuoshea vyombo. Shangazi yangu, dada wa baba, alipokuja kutupa pole alinitazama akasema, "Wee mtoto, ungemwacha tu alale." Labda alitania. Nilikaa na maneno hayo miaka mingi, si kwa uchungu. Yalikaa tu, kama kipande cha chuma kilichobaki mwilini mwa mtu, kikaacha kuuma hata akakisahau.

Sasa naishi Bwiza na mume na watoto watatu. Famasi ziko kila kona, na wanangu wakiumwa kichwa huomba kidonge kabla hawajaomba maji. Sikatai, ikilazimu nawapa. Mume wangu huniambia nina mikono mizuri, nami namkanda shingo anapotoka kazini huku nikiwaza mambo ya kesho. Zamani niliweza kumjua mtu kwa vidole vya miguu yake. Leo nakanda bila kutazama.

Mwaka jana mwanamke mmoja alinipigia simu kutoka Kigoma, akajitambulisha taratibu kuwa mke wa baba, akaniambia amefariki. Nilimshukuru. Nilimaliza kuanika nguo, kisha nikatembea hadi Buyenzi kumwambia mama. Alikuwa ameketi kibarazani, miguu imenyooshwa juani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Alikuwa anatembea?" akauliza.

"Ndiyo. Anasema alitembea mpaka siku ya mwisho."

Mama alivuta kanga juu ya magoti yake.

"Basi," alisema. "Ulimkanda vizuri."