Samaki Wawili wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alizaliwa Tanga, mahali ambapo maji yakitoka wanawake walishuka mwambani na vikapu kuchokoa pweza na kuokota chaza. Alikuja Tabora akiwa mwali, ameolewa na fundi wa reli, na miaka yote niliyoishi naye hapa Gongoni aliniomba jambo moja tu: nimpeleke akaione bahari. Nilikuwa namjibu, "Mwakani, mama, Mungu akipenda." Mwaka huo ulipofika nilikuwa na nguo za harusi za kushona. Mwaka uliofuata cherehani moja ilikufa. Kisha akateleza bafuni, nyonga ikavunjika, na daktari akatuambia safari ndefu tuisahau.

Mume wangu, mwanawe wa pekee, ni dereva wa malori na yuko barabarani wiki nyingi kuliko anazokaa nyumbani. Kwa hiyo ahadi ile ilikuwa yangu, na niliyeivunja ni mimi.

Nilipokwenda Dar es Salaam kununua vitambaa niliona dukani tangi dogo la kioo lenye maji ya chumvi, mawe ya matumbawe, na samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Nilisimama pale mpaka muuzaji akaniletea kiti. Nikamwambia natoka Tabora. Akacheka, akasema huko bahari haijawahi kufika, lakini akanifundisha kila kitu, na nikaandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja.

Tangi lilikuja kwa basi, limefungwa ndani ya godoro la mtoto. Nililiweka sebuleni, mkabala na kiti cha mama. Nilikoroga chumvi ya bahari kwenye ndoo za maji yaliyosafishwa, nikipima kila mara, kwa sababu maji ya bomba yana dawa ambayo viumbe wale hawaivumilii. Nikapanga mawe, nikawasha taa na pampu ya kuyapa maji hewa. Halafu ikabidi tusubiri. Muuzaji alinieleza kwamba tangi jipya ni sumu kwa samaki, mpaka vijidudu visivyoonekana vizaliane kwenye mawe na kuanza kula uchafu.

Mama hakulielewa jambo hilo. Kila nikimpa shikamoo ya asubuhi aliitikia marahaba na swali juu yake.

"Samaki wako wapi, mwanangu?"

"Bado, mama. Maji hayajaiva."

"Yaive kwani ni maharage?"

Tulisubiri wiki sita. Walipofika, wawili, ndani ya mfuko uliojazwa hewa, mama alisogeza kiti hadi magoti yakagusa meza. Kulikuwa pia na tumbawe moja dogo, laini, lenye vidole vilivyochezacheza majini. Alinyoosha kidole, akanionyesha. "Haya yalikuwa yanatukwaruza miguu," akasema. "Tunarudi nyumbani tunajipaka mafuta ya nazi, tunacheka." Sikuwahi kumsikia akizungumza hivyo, kama msichana. Nilijiona nimelipa kitu.

Mwezi wa tatu wa tangi lile nilialikwa Bukene, mtoto wa rafiki yangu anachumbiwa. Asubuhi ya safari nilikuwa nimechelewa na gauni halijapigwa pasi. Kwenye waya wa ekstensheni matundu yote yalikuwa yamejaa. Nikachomoa plagi ya pampu, nikachomeka pasi. Taa ya tangi ilibaki inawaka, na mama, ambaye masikio yake ni mazito, hakuweza kujua kwamba muungurumo umekoma. Nikavaa, nikamuaga, nikaondoka.

Nilirudi kesho yake mchana. Nilimkuta amekaa mkabala na tangi, mikono mapajani. Samaki wote wawili walikuwa wamelala ubavu juu ya mchanga.

"Nimewaua," akaniambia kabla sijavua viatu. "Jana niliwapa makombo ya maandazi. Niliwaonea huruma, nikaona chakula chako ni kidogo mno. Nimewaua mimi, mwanangu. Unisamehe."

Hapo hapo niliiona ile plagi sakafuni, nyuma ya mguu wa meza.

Nilimwambia asijali. Aliinuka na fimbo yake, akaenda jikoni kunipakulia chakula, kwa sababu nilitoka safari. Alipokuwa huko nikainama, nikaichomeka plagi. Pampu ikaanza kuunguruma. Nikanyanyuka, nikanawa, nikala wali alionipakulia.

Nilijiambia nitasema jioni. Jioni ikapita, na kesho yake, na kila siku iliyopita ikawa vigumu zaidi kufungua mdomo. Mama akahamishia kiti chake barazani. Aliponiona nikisafisha tangi aligeuza uso.

Kisha binti yangu, mwenye miaka kumi na mmoja, akaugua malaria. Kwa desturi bibi yake ndiye aliyekuwa akimpa dawa mchana nikiwa kibandani kwangu ninakoshonea. Siku ile binti alinipigia simu. "Mama, bibi hataki kunipa dawa. Anasema uje wewe."

Nilikimbia. Nilimkuta mama amekaa pembeni ya kitanda, paketi ya dawa ameiweka mbali, juu ya dirisha.

"Kwa nini, mama?"

"Nilishindwa makombo ya maandazi," akasema. "Vidonge vya mtoto nitaviweza?"

Nilimpa binti dawa. Halafu nikapiga magoti mbele ya mama nikamwambia yote: pasi, ekstensheni, plagi.



"Uliichomeka lini?"

"Siku ile niliporudi."

"Mimi nikiwa wapi?"

"Jikoni, mama."

"Nakupakulia."

"Ndiyo, mama."

Hakuinua sauti. Aliomba simu, akampigia wifi yake anayelima Ntalikwa, si mbali na mjini, akasema anataka kwenda kupumzika. Alikaa huko wiki mbili. Nilikwenda mara moja na sukari na sabuni. Alipokea, akaitikia shikamoo yangu, hakuniambia nikae.

Aliporudi, mume wangu akiwa amemleta na lori, alisubiri mpaka tukabaki wawili. "Samaki ni samaki," akaniambia. "Lakini mimi nilidhani akili imeanza kuniondoka, kama ilivyomtoka mama yangu. Kila asubuhi nikiamka najaribu kutaja majina ya ndugu zangu wote, nione kama bado wapo kichwani. Hayo ndiyo uliyonifanyia."



Alirudi kumpa mjukuu dawa. Kiti nacho kilirudi sebuleni, ingawa si karibu kama zamani. Nimeleta samaki wengine wawili, na tumbawe limeota vidole vipya. Kila asubuhi namnyooshea kikopo cha chakula chao. Anakitazama, halafu ananitazama mimi.

"Lisha wewe," anasema. "Mimi nakuangalia."