Kuku wa Shangazi Baada ya Sambaza

Wiki iliyopita nilirudi Bukavu likizo, nikaanza kuula mji. Asubuhi nilimaliza sahani mbili za sambaza, vidagaa vya Ziwa Kivu, za kukaanga pale Nguba, nikazishushia kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ndipo nikakumbuka kwamba shangazi alinialika chakula cha mchana.

Nilikuta amenichinjia kuku, na firigisi, fungu la mgeni wa heshima, iko juu kabisa. Mimi hata nafasi ya maji sikuwa nayo. Nikajishika tumbo, nikakunja uso.

"Shangazi, tumbo iko inaniuma tangu jana. Sijaonja kitu."

"Pole, mutoto wangu." Akainuka kunitafutia dawa.

Mara akaingia jirani yake, beseni kichwani. Ni yule yule aliyeniuzia sambaza asubuhi!

"Eh, papa wa sahani mbili! Kesho nikuwekee ingine?"

Shangazi akaweka dawa chini, akamfunika kuku taratibu.

"Si mubaya," akasema. "Nilizania umekuja kutuona sisi."

Wasomaji wangu, nimekula miji mingi, ila aibu sikuwahi kuila. Nilifunua sahani mwenyewe, nikatafuna firigisi, nikatafuna paja, jasho likinitoka. Shangazi alinitazama kwa huruma, kisha akaniongeza bugali.