Mvinyo Niliopewa Kazini Uko Kwenye Friji ya Shehe

Assalamu alaykum ndugu zangu, na wasiokuwa Waislamu nawasalimu pia. Admin, jina langu lifiche na hoteli usiitaje, Pemba ni ndogo, watu wanajuana mpaka kwa mwendo. Mie ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, kwetu Wingwi, nimeolewa Madungu hapa Chake. Naishi na mume wangu, watoto wetu wawili, mamkwe wangu, na wifi yangu ambaye Ijumaa hii anaolewa. Kazi yangu ni kufua na kupiga pasi mashuka kwenye hoteli ya watalii.

Mume wangu hakuwa radhi na kazi hii. Alikubali baada ya mama yangu kuja kumwomba, na siku hiyo akatamka mbele ya mama: "Haya, akafanye kazi. Lakini siku atakayoingiza ulevi ndani ya nyumba yangu, hiyo ndiyo talaka yake." Mie nikaona kanitukana. Ulevi na mie wapi na wapi?

Sasa, meneja wa zamani kila mwisho wa mwaka alikuwa akitupa mchele na mafuta ya kupikia. Safari hii tuna meneja mpya, mama wa Kizungu, roho yake nzuri lakini ya huku hajayajua. Jioni ya kuamkia Krismasi tunapanda gari la wafanyakazi, yeye kasimama mlangoni, kila anayepanda anapewa chupa ya mvinyo ina utepe mwekundu, kwa mikono miwili, anacheka: "Mkafurahie na familia zenu." Wenzangu wakapokea, na mie nikapokea. Mkataba wangu unaangaliwa Januari, ningemrudishia vipi mbele za watu? Nikajisemea, nitampa Kaka Deo, mpishi wetu Mkristo kutoka Bara, kesho akirudi zamu. Mtaniuliza mbona sikuitupa njiani. Ndugu zangu, nimeshuka Madungu jua bado linawaka, utaitupa wapi chupa ya mvinyo Madungu watu wasikuone? Nikaichomeka ndani ya mkoba, nikaifunika na sare yangu chafu.

Mamkwe wangu ni mtu mwema, na wema wake ndio ulioniponza. Nimo chumbani nasali, yeye kachukua mkoba anifulie sare. Natoka namkuta kaishika chupa juu juu, furaha imemjaa: "Mwanangu we! Umetuletea sharubati ya harusi na hata husemi!" Kwa kweli hakukosea bure. Madukani Chake zinauzwa sharubati za zabibu, shingo imevishwa karatasi ya dhahabu vilevile, watu hununua za harusi. Mume wangu naye pale pale: "Mke wangu, leo umenitoa kimasomaso." Nikafungua mdomo niseme. Nikamtazama, nikalikumbuka neno lake, nikaufunga.

Asubuhi chupa imo kabatini kwa mamkwe, kabati lina kufuli. Nikaenda kazini nikijipa moyo kwamba nikirudi nitatafuta hila. Kumbe siku hiyo wakwe wa wifi, watu wa Wete, wameleta sinia la halwa na visheti. Na huku kwetu sinia la watu hulirudishi tupu, ni aibu. Mamkwe kaangaza huku na huku, hakuona cha heshima kuliko ile chupa. Kaiweka katikati ya sinia na utepe wake, ikaenda Wete.

Baba yake bwana harusi ni shehe. Mkewe alimpigia simu mamkwe wangu kushukuru, simu iko wazi, nasikia kwa masikio yangu: "Bibi, mmetuheshimu. Tumeiweka, ndiyo watakayonyweshana maharusi Ijumaa, na shehe mwenyewe ndiye atakayeifungua."

Nikajifanya mjuzi, nikamwambia mamkwe, "Mama, zile huharibika kwa joto, bora waturudishie." Akapiga simu papo hapo. Wakaitia kwenye friji.

Nikinyamaza, siku ile itafunguliwa, harufu itatoka, wageni wamejaa, na swali litakuwa moja tu: imetoka wapi? Wifi yangu hana kosa hata chembe. Jana kanikumbatia, kaniambia, "Wifi, Mungu akujaalie, maisha yangu yataanza kwa zawadi yako." Niliingia chooni nikalia.

Na nikisema, neno la mume wangu lipo. Tena hili ndilo linalonitafuna zaidi: nilijua nimebeba nini. Mwenyewe nimeiingiza ndani. Je, talaka si imeshapita? Ananitania, ananiita, mie kila siku nasingizia kichwa, kwa sababu sijui kama huyu niliye naye chumba kimoja ni halali yangu au nazini naye. Nampenda mume wangu, wallahi nampenda.

Leo nimempigia mama yangu Wingwi, nimemweleza yote. Akasema, "Neno lile nililisikia, mwanangu, siwezi kusema sikulisikia. Muulize shehe kama umeachika." Nikamuuliza, "Shehe gani mama?" Akanitajia yule yule wa Wete, ambaye kila mwenye jambo la ndoa hupelekwa kwake, na ambaye chupa yangu inapoa kwenye friji yake.

Leo Jumanne. Ndugu zangu, msinitukane, nipeni njia: nikamgongee mlango shehe nimuulize ndoa yangu na nimdai chupa kwa pamoja, au nianze kwa mume wangu? Na nikianza kwake, nimwite mume wangu, au nimwite nani?