Nilimwambia Baba Gesi Inapanda

Ndugu zangu, nimemuua baba yangu. Sikumpiga wala sikumtilia sumu. Nilimjibu swali tu, tena kwa kiburi!

Ilikuwa miaka ya soko huria, nimetoka kusoma nje. Kazi yangu ilikuwa kuonyesha kwenye kompyuta jinsi gesi ikisukumwa ndani ya kisima cha mafuta kilichochoka inavyoyafukuza mafuta yaliyobaki. Gesi niliipaka rangi nyekundu. Kila mara ilipanda juu, kwa kuwa ni nyepesi kuliko mafuta. Nilijiona kidume kwelikweli.

Nikaja likizo nyumbani, Suma. Nyuma ya migomba yetu kuna kibonde, maji yake yanatokota bila moto kwa ajili ya gesi iliyo chini. Ndege huokotwa pale wamekufa. Asubuhi isiyo na upepo hashuki mtu, hata mbuzi hafungwi huko. Baba alisikia wawekezaji wanatafuta gesi ya kutia kwenye soda. Akataka kuchimba shimo, wakija waione vizuri.

Mama akakataa. "Hapana, baba watoto. Pale si pa kushuka."

Baba akanigeukia. "Wewe ndiye msomi wa gesi, mwanangu. Haitanidhuru?"

Nikacheka! "Baba, hayo ni mambo ya zamani. Gesi ni nyepesi, inapanda yenyewe." Nikamwonyesha na picha niliyoichapa.

Jamani, picha ile ilikuwa ya gesi na mafuta! Hewa haikuwemo. Gesi ya kwetu ni nzito kuliko hewa, inatuama shimoni kama maji. Ningetulia kidogo tu ningekumbuka. Sikutulia, nilikuwa najionyesha.

Kesho yake asubuhi baba akashuka na jembe. Tulimkuta amekaa, ameegemea udongo kama mtu anayepumzika. Kofia iko kichwani.

Msibani wakasema moyo ulisimama. Mama akasema Mungu amependa. Nami nikaitikia amina! Miaka yote sikumwambia, na sasa uzee umemchukua akili, hata nikisema hataelewa.

Nyie wenye vyeti, mzazi akikuuliza jambo ambalo hukulipima, mwambie hujui. Utaaibika siku moja, basi. Mimi sina tena wa kumwomba msamaha. Mama amesahau majina yetu sote, lakini mgeni akiingia hunishika mkono na kumwambia, "Huyu mwanangu anaijua gesi."